Somo la Maumivu Litangulie

Mwoka mikate alifungua kompyuta hata kabla hajavua aproni. Unga ulikuwa bado umemganda kwenye nyusi. Alitazama kioo, akapigwa na butwaa.

"Mama Kipusa! Njoo uone balaa!"

Mkewe alitoka chumbani amembeba Kipusa, binti yao wa miaka mitano. Kipusa ni kiziwi. Wiki nzima alikuwa akilia na kukataa chakula. Wazazi walidhani ni tumbo, wakampa dawa ya tumbo, lakini kilio hakikukoma.

"Masomo yamekatika," alisema mume. "Yote! Hakuna hata moja lililofika mwisho."

Masomo hayo yalikuwa video za lugha ya alama. Mwalimu mmoja alikuwa ameziweka bure kwenye mtandao, lakini ukurasa wake ungefungwa jioni ile. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, mwoka mikate alizibofya zote kwa mpigo ili azipakue. Tanuri lake hulijaza pomoni, na mikate yote huiva pamoja. Alidhani kompyuta nayo ni vivyo hivyo.

Mkewe aliketi na Kipusa mapajani. "Sasa huyu mtoto tutaongea naye vipi?"

Mume hakungoja. Alitoka mbio na aproni yake hadi mlango wa pili, kwa fundi wa kompyuta. Dada huyo alikuja, akatazama kioo, akaguna.

"Baba Kipusa, umefanya nini? Mtandao wenu mdogo. Mafaili yote yameugombania, kila moja limepata kidogo, mwisho yote yamekwama."

"Lakini tanuri langu..."

"Achana na tanuri! Wateja wako wote wakivamia dirisha moja kwa pamoja, unafanyaje?"

"Nawapanga foleni."

"Basi na mafaili yapange foleni."

Fundi alifungua programu ya kupakua. Aliwaonyesha jinsi ya kunakili anwani ya kila video na kuibandika humo, moja chini ya nyingine. Kisha akaingia kwenye mipangilio, akachagua faili moja tu kwa wakati mmoja. La kwanza likiisha, la pili huanza lenyewe. Mengine yanangoja zamu yao.

"Na mtandao ukikatika?" aliuliza mke.

"Ukirudi, bonyeza 'endelea'. Mara nyingi faili huanzia pale lilipoishia. Ichomekeni kompyuta kwenye umeme, isije ikazimika. Ila muda umetubana, huenda yote yasiishe. Litangulie lipi?"

"Herufi," alisema mume. "Masomo huanza na herufi."

Mkewe alimkazia macho. "Herufi za nini, na mtoto anaumia? Weka somo la maumivu!"

Mume alinywea. Alilivuta somo la maumivu hadi juu kabisa.

Likafika zima. Mengine yakafuata, moja baada ya jingine. Ukurasa ulipofungwa, walikosa machache tu ya mwisho.

Wakaketi wote mbele ya kioo. Kwenye video, mwalimu alikunja uso, akafanya ishara ya maumivu kwa vidole viwili, kisha akagusa goti.

Kipusa alinyamaza ghafla. Alimvuta baba yake shati. Akakunja uso, akafanya ishara ile ile, halafu akatia kidole mdomoni hadi nyuma kabisa.

Baba alimulika kwa simu. Jino lilikuwa limetoboka, na ufizi umevimba.

"Jino!" Mama alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu! Wiki nzima ni jino, na sisi tunamnywesha dawa ya tumbo!"

Asubuhi walimpeleka kwa daktari wa meno, jino likang'olewa.

Siku chache baadaye, mwoka mikate alikuwa akirudia somo mbele ya kompyuta. Kipusa alimgonga bega. Alifanya ishara ya maumivu, kisha akatikisa kichwa. Hayapo tena.

Machozi yakamtoka baba, mtu mzima yule, akashindwa kuyazuia.

Kipusa alishtuka kumwona analia. Akamnyooshea kidole, akafanya tena ishara ya maumivu, na macho yake yakauliza: wapi?