Magoti ya Mjukuu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tairi alimchotea bibi yake maji ya kuoga, kisha akamshika mkono ili ainuke kitandani. Wenzake wa darasa la sita walimpa jina hilo la utani kwa kuwa alipenda baiskeli kuliko chakula. Bibi naye alikuwa na magoti yaliyochoka, na kila yalipolia ko! alisema, "Haya yameamka kabla yangu."

Jumatatu moja Tairi alipoinama kuchukua ndoo, alikunja uso. Jumamosi klabu ya baiskeli ya shule ilikuwa imekwenda hadi bwawani na kurudi. Njia ilikuwa ndefu, yenye vilima, na Tairi aliipanda yote kwa gia nzito. Wenzake walipobadilisha gia aliwacheka, "Gia nyepesi ni za watoto!" Sasa magoti yake yalikuwa yanawaka moto.

Lakini alinyamaza. Safari kubwa ya kwenda mji jirani ilikuwa imekaribia, na mwalimu wa michezo alikwisha kusema wazi kwamba mwenye maumivu hasafiri. Tairi aliisubiri safari hiyo mwaka mzima. Basi akawa anajipaka dawa ya kuchua ya bibi kisirisiri, na mazoezi ya baiskeli hakuacha. Maumivu yakazidi, hata akawa anashuka ngazi kiubavuubavu kama kaa.

Jioni moja bibi alifungua kopo lake la dawa, akachungulia ndani.

"Hivi, mjukuu wangu, nyumba hii ina panya mwenye magoti mabovu?"

Tairi alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akaeleza yote. "Usimwambie mama, bibi. Wataniacha!"

Bibi alimvuta karibu, akayashika magoti yake kwa viganja vyenye joto. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Aa, usinitolee macho, wewe hufi! Lakini ukiendelea kuficha, utakuja kuinuliwa kitandani kama mimi. Mama lazima ajue."

Kesho yake mama aliwapeleka wote wawili zahanati. Mtaalamu wa viungo alimkunja Tairi miguu na kuikunjua, akamuuliza habari za gia, akatikisa kichwa.

"Hakuna kilichovunjika. Umeyabebesha magoti mzigo yasiouzoea. Acha baiskeli kwa muda, uyawekee kitambaa cha maji baridi. Kisha fanya mazoezi ya mapaja: keti kitini, nyoosha mguu, ushikilie, ushushe taratibu. Ukirudi barabarani, gia nyepesi na mwendo mfupi."

"Na safari yetu?"

"Hii, hapana."

Tairi alilia njia nzima, na nani angemlaumu? Hata hivyo, alikwenda mwenyewe kwa mwalimu wa michezo akamweleza ukweli.

Siku ya safari, wenzake walipita mbele ya nyumba wakipiga kengele. Tairi alijificha nyuma ya pazia, moyo ukimuuma kuliko magoti. Bibi, aliyekuwa akiyakwepa mazoezi aliyopewa naye kule zahanati kama mtoto anayekwepa kuoga, alivuta viti viwili.

"Haya, kocha. Nyoosha mguu, nami ninyooshe wangu!"

Bibi aliguna, Tairi akahesabu, mpaka wote wakacheka. Tangu hapo walifanya hivyo kila jioni.

Siku zikapita. Asubuhi moja Tairi alishuka ngazi zote akiimba, bila hata kukumbuka kwamba ana magoti. Mwalimu alimruhusu aanze na mizunguko mifupi. Alipanda baiskeli, akaweka gia nyepesi, akazunguka mtaa. Aliporudi alimkuta bibi amesimama getini, amefika hapo bila kushikwa mkono.

"Bibi, hayaumi tena!"

"Na siku yakiuma?"

"Nitasema."

Bibi alimfuta jasho usoni kwa upole. "Useme mapema, na utuambie sisi. Goti halina mdomo, mdomo wake ni wewe. Mimi nikikuuliza asubuhi 'umeamkaje', sikusalimii tu, mwanangu. Nataka jibu."