Kimea cha Ulezi

Siku ya gulio Geita, mwaka wa hamsini na mbili, Gregory, kibarua wa mgodi wa dhahabu, alikuwa akirandaranda sokoni ndani ya suruali mpya ya kaki, imepigwa pasi hasa. Mbele ya vikapu viwili vya kimea akamkuta binti wa kaniki na shanga nyeupe shingoni, akitafuna punje na kutema. Kikapu kimoja mtama mwekundu, kingine ulezi.

"Chukua ulezi, bibie," akadakia kwa lafudhi ya Bukoba. "Pombe ya mtama chungu."

"We Mhaya umezoea ndizi. Ulezi umeujulia wapi?"

"Kooni!"

Binti akacheka, akanunua mtama. Gregory moyo wake ulibaki pale pale.

Jina lake Limi, mama yake ana kilabu cha pombe. Kila alipotoka mgodini Gregory alikuwa huko huko. Wakataniana, wakazoeana, wakapendana. Mkataba wake wa mgodini ulipokaribia kwisha, akampelekea mfuko wa kimea cha ulezi.

"Limi wangu, pombe ya Jumamosi pika kwa hiki. Nikikionja nitajua umenikubali. La sivyo, Jumatatu napanda lori la Mwanza, ndiyo basi tena."

Limi akapokea, akainamisha uso, akaingia nao ndani.

Jumamosi kilabu kilifurika. Gregory akapiga funda moja tu. Mtama! Akaweka kibuyu chini, akatoka. Aliumia, tusifichane, mwanamume mzima macho yamelowa.

Limi alimkuta njia ya kambini, anahema, mikono imejaa unga.

"Gregory! Unaondoka bila kuaga?"

"Umeshanijibu. Nimeonja."

"Umeonja pombe ya kuuza! Nyumbani kwetu kimea cha mchumba hakiuzwi, kinapikiwa wazee wake wakija kuposa. Ulitaka niwanyweshe walevi wa kilabuni posa yangu?"

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuuliza? Nyie watu wa Bukoba mna haraka!"

Gregory akamshika mikono hivyo hivyo na unga wake. "Nisamehe, mpenzi. Nakupenda mpaka najisahau. Mwezi ujao nitawatuma wazee..."

"Mwezi ujao? Ulezi wako uko mtungini tangu asubuhi, Jumatatu umeiva. Wasipofika, nawapa walevi."

Gregory hakungoja la pili. Alitimka hadi kambini kumtafuta baba yake mdogo, kibarua mwenzake, aende kumposea, akicheka peke yake njia nzima.