Saa Iliyotikiswa Stoo

Wembe alikuwa nyuma ya pazia la stoo, kaishika saa ya mkwe wake mtarajiwa, anaitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi. Akaiweka sikioni. Kimya. Akaitikisa tena, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka jasho likamtoka. Ndipo ikaanza, tik, tik, tik, na mshale wa sekunde ukaondoka.

"Wembe, mteja kafika," Fundi aliita kutoka mbele.

"Nakuja, mpenzi."

Huyu Wembe ni kinyozi. Jina alipewa na wateja wake, nusu kwa ajili ya kazi, nusu kwa ajili ya huo mdomo wake. Fundi ni mchumba wake, mshonaji mwenye duka alilolianza na cherehani moja tu, na harusi yao ilikuwa Jumamosi hiyo. Saa ilikuwa ya baba yake Fundi, dereva mstaafu. Ni zile otomatiki za zamani, hazina betri, zinajijaza zenyewe kadiri mkono unavyocheza. Mzee aliivaa tangu ujana wake, na sasa ilikuwa hoi: mafuta yamekauka ndani, kioo kimechubuka, ukiiacha tu inalala. Akampa binti yake aiuze, aongezee apate mashine ya kufungia kingo za nguo, aache kupeleka kazi kwa watu.

Fundi akaandika tangazo mtandaoni kwa mkono wake: saa ya zamani, haitembei, inahitaji fundi wa saa. Wembe alicheka mpaka akashika tumbo. Tangu lini muuzaji akaiponda mali yake mwenyewe? Akamwambia amwachie yeye mambo ya wateja, yeye ndiye mtoto wa mjini. Kumbe moyoni alikuwa na lake. Ile mashine alitamani amnunulie Fundi yeye mwenyewe, na mfuko ulikuwa mtupu, basi akaona aibu yake aifute kwa kupandisha bei. Bila kumwambia mwenzake akaichukua simu ya Fundi, akalifuta lile tangazo, akaweka lake la saa inayotembea, bei juu, na namba yake ya simu chini.

Haikuchukua muda, ujumbe wa mama mmoja ukaingia: "Nimeona tangazo. Ni kweli inatembea?"

Akajibu fasta: "Inatembea safi kabisa mama. Njoo uione kwa macho yako."

Sasa mama mwenyewe ndiye huyo, mtu wa makamo, miwani minene, haraka hana. Wembe alitegemea aangalie, alipe, kwaheri. Wapi. Mama alivuta kiti, akaomba maji ya kunywa, akasifia gauni lililoning'inia ukutani, akataka kujua kitambaa kimetoka wapi. Muda wote huo saa iko juu ya meza ya kukatia, inatembea, Fundi hana habari nayo, na Wembe macho yote kwenye mshale. Aliibembeleza kimoyomoyo kama mtoto anayejifunza kusimama: twende mama, twende, usiniaibishe.

Mama akauliza saa ilikuwa ya nani. Hapo Fundi akanyoosha mgongo. Alimweleza kwamba baba yake aliendesha mabasi ya abiria miaka na miaka, na hata siku moja hakuwahi kuondoka na gari bovu akawaambia watu ni zima. Breki zisipomridhisha anashuka, anawaambia abiria usoni. Wamtukane, wasimtukane, gari haliondoki.

"Mimi nimezaliwa na mtu wa namna hiyo," alisema. "Na Mungu kanipa mwingine wa namna hiyo. Ana maneno mengi, umeshamsikia, lakini uongo hana. Jumamosi ananioa."

Akamwekea Wembe mkono begani, anamwangalia kama kitu kizuri kuliko vyote dukani mwake.

Wembe alitamani sakafu ifunguke. Alishatukanwa na wateja, alishakimbiwa bila kulipwa, lakini hakuna tusi lililowahi kumchoma kama sifa ile. Mama alikuwa ameshatoa pesa mkobani, anazipanga. Anyamaze tu, mchezo umekwisha. Na saa ilikuwa bado inatembea.

"Mama, rudisha pesa zako kwanza," alisema.

"Kwani vipi?"

"Hiyo saa ni mbovu. Nimeitikisa stoo wakati unaingia. Usiiguse, utaona inasimama yenyewe. Na lile tangazo ni langu. La huyu lilisema ukweli, nikalifuta bila yeye kujua."

Wote watatu wakaiinamia saa. Ikaenda, ikaenda, ikasita, ikalala. Fundi akauondoa mkono wake begani kwa Wembe.

Mama alivua miwani, akamgeukia Fundi na kumuuliza tangazo lake yeye lilitaja bei gani. Fundi akamtajia, sauti haitikisiki. Mama akasema hiyo atailipa, fundi wa kuifufua anaye, na sasa angalau anajua anachonunua. Akalipa, akamuaga Fundi peke yake, akaondoka na saa yake.

"Nenda kazini kwako," Fundi alimwambia Wembe.

"Nisikilize kidogo, nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka. Nenda."

Siku hiyo Wembe alinyoa vichwa vya watu kama bubu, hadi wateja wakamuuliza kama anaumwa jino. Kila akipata nafasi anashika simu. "Nisamehe." Halafu: "Fundi wangu." Halafu: "Hata tusi nitumie, nitashukuru." Zote zimesomwa, jibu hakuna. Alijiona ameshaipoteza harusi, na wa kumlaumu hakumpata.

Kesho yake, saluni imejaa, mlango ukafunguliwa, Fundi huyo. Wembe alikuwa ameshika kichwa cha mteja, nusu kimenyolewa, nusu bado.

"Zima mashine."

Akaizima.

"Nimempigia baba. Nimemwambia yote, sikubakiza."

"Kasemaje?"

"Kaniuliza kitu kimoja tu. Kwamba yule mama alikugundua, au ulisema mwenyewe."

"Ukamjibuje?"

"Kwamba ulisema mwenyewe. Pesa zimeshatoka mkobani, mimi nimesimama hapo nakusifia, na hakuna aliyekulazimisha. Nilimwambia kwa majivuno, Wembe. Na huku nimekasirika vilevile."

Machozi yalimlenga, kinyozi mzima, mbele ya wateja wake. "Na ningenyamaza?"

"Ungenyamaza, ningeolewa na mtu nisiyemjua. Sasa naolewa na mtu ninayemjua, na nimemkasirikia. Hasira itaisha."

Akamwomba radhi yule mteja wa nusu kichwa kwa kumchelewesha. Kisha akawageukia waliokaa kwenye benchi, kidevu juu.

"Jumamosi njooni wote," alisema. "Huyu ndiye anayenioa."