Mkanda wa Tuyaara Juu ya Mto Lena

Kila Jumamosi ya majira ya baridi, Tuyaara alimsaidia baba yake, Aital, kuandaa lori. Siku hiyo walipakia unga wa kupeleka ng'ambo ya mto Lena. Wakaweka na kamba nene, koleo, mablanketi na chupa ya chai ya maziwa. Injini ilikuwa ikinguruma tangu jana yake, maana kwa baridi ile ukiizima tu, umekwisha, haiwaki tena.

"Funga mkanda, binti," baba alisema.

Tuyaara akafunga. Hata shuleni mwalimu aliwaambia kwamba garini mkanda haufunguliwi.

Walipofika ukingoni, pale malori yanaposhukia kwenye mto ulioganda, baba akageuka. "Haya, fungua mkanda. Na huo mlango uache wazi kidogo."

Tuyaara akamkodolea macho. "Baba, si umesema nifunge?"

"Fungua, usinichoshe!"

Jamani, mtoto afuate lipi? Mwalimu hivi, baba vile, na baba mwenyewe sasa hivi alisema kinyume! Kichwa kikamzunguka. Labda ananijaribu, aliwaza. Akafungua, lakini baba alipotazama njia, akaufunga tena chini ya koti lake zito, akajikausha.

Katikati ya mto barafu ikapasuka. Gurudumu la nyuma likadidimia, lori likainama, maji yakafoka.

"Ruka!" baba alipiga kelele.

Tuyaara akaruka, mkanda ukamrudisha kitini. Akapapasa kitufe, lakini glavu zilikuwa nene mno. "Baba, nimefunga!"

Baba akamrukia, akaufyatua mkanda, akamsukuma nje. Wakaangukia theluji wote wawili.

Nyurgun, dereva aliyewafuata kwa mbali, akalivuta lori kwa kamba kabla halijazama. Kisha akamgeukia Aital. "Mama yake ungemwambia nini leo, wewe?"

Aital akamshika bintiye mabegani. "Kwa nini ulifunga?"

"Sikuelewa, baba," Tuyaara alisema huku akilia. "Shuleni funga, wewe funga, halafu fungua!"

Baba akashusha pumzi. "Barabarani mkanda unakuzuia usirushwe nje. Hapa tunaogopa kuzama, na lori likizama, mkanda unakushikilia humo humo. Nilipaswa kukueleza, nikakukaripia. Hilo ni kosa langu. Lakini na wewe, mwanangu, usiponielewa usijifanye umeelewa. Uliza. Nikikukaripia, uliza tena."