Jina Lililoachwa Porini

Jua lilikuwa linazama Mikindani Zainabu alipofungua studio ya Stefano. Mwenyewe Stefano alikuwa Mahurunga, harusini, na kamera yake mpya ya dijitali. Zainabu shule ilimkatikia kidato cha pili. Kazi hii ya kupanga picha kwenye kompyuta aliipenda kuliko yote: kila mtu na folda yake, kila folda na jina lake.

Wiki ile wali, wasichana waliokuwa wakifundwa, walikuwa wametolewa unyagoni, picha zikazidi mia nne. Mdogo wake alikuwemo. Zainabu akamwekea folda, akaandika jina alilomwita tangu akimbeba mgongoni: Mwanaidi. Akachoma CD tatu za ndugu walio mbali. Moja ilikwenda Kilambo.

Hapo alikosea. Mwali akitoka hupewa jina jipya. La utoto huachwa porini, haliitwi tena. Mdogo wake sasa alikuwa Saida.

Ndiyo maana amerudi, alirekebishe.

Kwenye folda ile aliacha picha thelathini na moja. Sasa zilikuwa thelathini na nne.

Ya kwanza ngeni... Saida kisimani, kwa nyuma. Amevaa kanga ya leo asubuhi.

Ya pili, anakuna nazi. Imepigwa kutoka mlangoni kwao.

Ya tatu ilikuwa na giza. Zainabu akasogeza uso. Sikio... shingo... ukingo wa mkeka. Aliyepiga alikuwa ameinama.

Studio ikanuka unga wa mtama, ule wanaopakwa wali.

Alikimbia hadi kwa Bi Fatuma, kungwi wao, akamweleza yote. Bibi hakumkaripia. Aliweka chini ungo wa mchele, akauliza aliandika jina lipi.

"La zamani, bibi."

"Lile lina mwenyewe sasa, huko porini." Alinong'ona. "Alikuwa na jina tu. Wewe umempa na sura."

"Nikafute?"

"Futa. Na hizo CD tatu ulizogawa, utazifutaje?"

Zainabu alirudi kwao mbio. Saida alikuwa amelala mkekani, anapumua vizuri. Akamgusa shavu. Lina joto. Akakaa chini kando yake.

Simu ya mama ikaita, Zainabu akaipokea. Mjomba Zuberi, kutoka Kilambo, na kicheko chake kile kile. Alisema CD wameitazama kwenye deki tangu mchana, watoto wanataka irudiwe. Kisha akalalamika kwamba mgeni haletwi kimya kimya hivi.

"Mgeni gani, mjomba?"

"Si huyu mdogo wako? Kasimama hapa mlangoni, kajipaka unga, anaona haya kuingia. Ngoja uongee naye."

"Mjomba, usimwi—"

"Mwanaidi!"

"Abee," ikaitika sauti ndani ya simu.

"Abee," akaitika Saida mkekani.

Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Mkono wake ulikuwa unapapasa sakafuni, unatafuta kandambili.