Mashine Ilisema Pameloa

Kila asubuhi Zulekha wa Pujini hupita shambani, akainama, akatia vidole ardhini. Ndivyo anavyojua kama tungule zake, nyanya hizi za mchuzi, zina kiu. Mumewe, Mjaka, alikuwa akimcheka.

Mwaka huu walipata pampu yenye mashine ya kuiongoza. Ni kisanduku kilichofungwa kwenye ukuta wa banda. Kina waya mrefu, na mwisho wa waya kuna kijiti cha kuchomeka ardhini. Kijiti kikikuta pakavu, kisanduku huwasha pampu. Kikikuta pameloa, pampu haiwaki. Fundi alikichomeka katikati ya tungule.

Mjaka akaogopa waya utakatwa na jembe. Akaking'oa kijiti, akakichomeka kando ya banda. Kisha akatia kufuli kwenye kisanduku, mtu asikichezee.

Tungule hizo zilikuwa za kuuzwa Ramadhani. Zulekha alishapanga: kabla ya masika nyumba iezekwe bati, maana makuti yalikuwa yameoza.

Siku zikapita, pampu kimya. Majani yakalegea.

"Baba Haitham," Zulekha akamwambia mumewe, "shamba linakufa. Nimetia mkono, vumbi tupu. Nipe ufunguo niiwashe pampu mwenyewe."

"Mashine inasema pameloa. Weye na vidole vyako mnaishinda mashine?"

Mjaka si mtu mbaya, lakini akishika lake hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Zulekha akabeba ndoo kutoka kisimani mpaka kiuno kikamuuma. Aliokoa tuta moja tu.

Mengine yalipokwisha kukauka, ndipo Mjaka alipomwita Bi Asma, bibi shamba. Inaniudhi hata kuisimulia. Angemwita wiki ile ya mwanzo!

Bi Asma akaufuata waya mpaka kando ya banda. Akachimba kidogo, akakuta tope.

"Nani anamwaga maji hapa?"

Mjaka akatazama kopo lake la udhu. Lilikuwa pale pale, juu ya jiwe. Kila anaposali shambani, hutawadhia hapo.

"Mie," akasema.

"Basi mashine haikusema uongo, Bwana Mjaka. Umeiuliza habari za udhu wako, nayo ikakujibu. Kijiti kikae kwenye mizizi ya tungule. Waya upitishwe ndani ya mpira, ufukiwe chini, jembe lisiufikie. Na kila siku mtu atie mkono ardhini. Mkono ukisema pakavu na mashine ikisema pameloa, kagueni kijiti. Na kufuli hili la nini? Humu mna swichi ya kuwashia pampu kwa mkono."

"Zulekha aliniambia," Mjaka akasema polepole.

"Nshakwambia mpaka nikachoka," Zulekha akajibu.

Tuta moja halikutosha kupeleka sokoni; Ramadhani hawakuuza kitu. Masika yakaja, makuti yakavuja. Ndoo zile alizobebea maji ya tungule, Zulekha akazipanga chumbani kukinga matone. Watoto wakalala wamejikunja kwenye kipembe kikavu.

Mvua zilipokwisha wakapanda tena. Kijiti kikarudi kwenye mizizi, ufunguo akawa nao Zulekha. Tungule zikazaa sana, na nyumba ikaezekwa bati. Majirani wakaja kuisifu mashine.

"Msifuni Zulekha," Mjaka akawaambia. "Mkono wake ndo unaoikagua."

Zulekha alikuwa akichuma. Hakuinua kichwa.

"Maneno hayo," akasema, "mie niliyataka kabla ya Ramadhani."