Mpogoaji wa Mikono

Ambilikile alikuwa mwalimu wa jiografia, na hakuwahi kushika spana maishani mwake. Hata hivyo, Jumamosi ile asubuhi mkono wake wa kulia ulikuwa ukichambua soketi za kufungulia nati kwa wepesi wa mtu achambuaye mchele. Uliipita namba kumi, ukaigusa kumi na mbili, ukairuka kumi na saba, ukatua kwenye kumi na tisa. Mwenyewe aliutazama kwa mdomo wazi, maana haukumngoja aamue.

"Unaona, Mama Gwakisa?" alimwambia mkewe. "Wala sijafikiri kitu."

Tusekile alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kikombe cha chai mkononi. Alitabasamu kwa fahari, kwa sababu ule mkono ulikuwa kazi yake.

Kilichovaliwa na Ambilikile kiliitwa mkonofundi. Ni glavu nyembamba za kijivu, jozi moja, zinazofika hadi mabegani. Ndani zimesukwa kwa nyuzi zinazokaza na kulegea kama misuli, na juu ya kidole cha shahada kuna jicho dogo la kupimia nati. Nyuzi hizo zilibeba ujuzi wa mtu mwingine, Fundi Mwalyego, aliyetengeneza magari jijini Mbeya kwa miaka thelathini na minane. Kampuni iliyomwajiri Tusekile ilimvisha vihisio siku tisini, ikairekodi mikono yake, ikamshukuru. Tangu hapo kila mwenye gari alikodi mkonofundi wa siku moja, akatengeneza gari lake uani kwake bila kumbembeleza mtu. Gereji za mtaa wa Isyesye zilifungwa moja baada ya nyingine, na Mwalyego akahamia Tukuyu kufuga kuku wa mayai.

Tusekile alikuwa mpogoaji. Mkulima wa kahawa hupogoa matawi yasiyozaa, naye alipogoa miondoko isiyo na kazi. Fundi akijikuna pua, anakata. Akifuta jasho, anakata. Alifanya hivyo mbele ya kioo cha kompyuta kilichoonyesha mikono miwili myeupe ndani ya giza tupu, bila gari, bila gereji, bila uso, kwa kuwa kampuni haikutaka magari ya wateja yaonekane. Kwa mkasi wake, kazi ya kubadilisha bushi za mpira za gurudumu la mbele, iliyomchukua Mwalyego saa moja na robo, ilishuka hadi dakika arobaini na moja. Bosi alimsifu mbele ya ofisi nzima, naye akavimba kichwa wiki nzima.

Sasa, kwa mara ya kwanza, alikuwa akiitazama mikono ile ikiwa na gari mbele yake.

Lilikuwa gari lao la umeme la zamani lililohitaji bushi mpya, lenye betri nzito sakafuni, na uzito wake wote ulizidi tani mbili. Mbele, upande wa kushoto, lilikuwa limenyanyuliwa kwa jeki iliyosimama juu ya matofali ya uani. Mikono ya Ambilikile ilifungua gurudumu, ikalivingirisha hadi ukutani, ikaliegemeza pale. Kisha akalala chali kwenye jamvi na kujisogeza chini ya gari, mpaka yakabaki yanaonekana magoti na kandambili zake.

Tusekile alitazama ile nafasi tupu kati ya gari na ardhi. Akaitazama tena.

Nafasi ile ilimkumbusha kitu alichokiona kwenye kioo. Kila baada ya kufungua gurudumu, ile mikono myeupe ililaza kitu cha mviringo kisichoonekana, ikakisukuma mbele, chini kabisa, halafu ikarudi mitupu. Ilifanya hivyo kila siku, kwa siku zote tisini. Yeye alidhani gereji ya mzee ilikuwa finyu na hana pa kuweka tairi. Basi akakata, na mahali pake akaweka mwondoko mfupi wa kuvingirisha tairi kando. Sekunde kumi na nne ziliokolewa.

Mwalyego hakuwa akitafuta nafasi ya tairi. Alikuwa akiliweka chini ya ubavu wa gari ili jeki ikianguka, gari liangukie tairi, lisimwangukie yeye. Hakuwa na stendi za chuma za kuzuia gari, na kwa kuwa hakuwa nazo, hata kasha la vifaa linalokuja na mkonofundi halikuwa nazo.

"Baba Gwakisa," aliita polepole, akiogopa kumshtua. "Hebu toka huko."

"Siwezi sasa hivi. Mkono umeshashika nati."

Tusekile alijua maana yake. Mkonofundi ukianza kuvuta nati, vidole hujifunga kwenye mpini wa soketi na havifunguki mpaka mvuto wa tatu uishe, ili mtu dhaifu asije akaachia katikati. Kufuli hilo lilipitishwa kwenye kikao cha kampuni, na yeye alinyoosha mkono kulikubali. Kila mvuto huwa na nguvu kuliko uliotangulia.

"Ni soketi gani umeivisha? Ya pembe sita au kumi na mbili?"

"Nitajuaje mimi? Ina meno mengi mengi."

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini wahenga hawakuwahi kulala chini ya gari la tani mbili. Soketi ya pembe sita hukumbatia nati ubapa kwa ubapa. Ile ya pembe kumi na mbili huingia upesi, kwa vile hukubali kutoka upande wowote, ila hushika ncha za nati tu, na nati yenye kutu ikivutwa kwa nguvu, ncha hulika na soketi huteleza. Mwalyego kila mara aliivisha soketi kwa vidole kwanza, akaitikisa, mara nyingine akaitoa na kuchukua nyingine. Kwenye kioo ilionekana kama mzee anayesitasita. Tusekile alikata kule kusitasita, na wenzake wakaupangia mkono uchukue pembe kumi na mbili popote pale, kwa kuwa huokoa sekunde mbili.

Mvuto wa kwanza ukaja. Chini ya gari kikasikika kitu kikisema *tak*, na gari zima likayumba kwenye jeki.

"Imeteleza," Ambilikile alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama Gwakisa, hili gari linacheza."

Fundi mwenye mwili wake angesimama hapo hapo. Bega lake lingemwambia kwamba nati haijalegea, soketi ndiyo iliyoteleza. Lakini hisia za bega la Mwalyego hazikurekodiwa. Mkono wenyewe uliona tu kwamba nati haijazunguka, ukajiandaa kuvuta kwa nguvu zaidi.

Tusekile alitupa kikombe. Alikimbilia ukutani, akalishika tairi, akagundua kwamba pamoja na rimu yake lina uzito wa gunia. Alilivingirisha. Likamponyoka, likagonga ndoo, likaanza kwenda upande wa choo. Akalidaka kwa magoti.

*Tak*. Mvuto wa pili. Jeki ilihama kidogo juu ya matofali, na ikabaki imeinama.

"Tuse," alisema Ambilikile. Hakuwa amemwita kwa jina hilo tangu mtoto wao azaliwe. "Tuse, mkono hauniachii."

"Tulia. Usijisukume. Nakuja."

Alilaza tairi, akakaa chini, akalisukuma kwa nyayo zote mbili chini ya ubavu wa gari, palepale mikono myeupe ilipokuwa ikilisukuma. Lilikwama kwenye ukingo wa tofali. Akarudisha magoti kifuani na kusukuma tena kwa nguvu zote alizojaliwa, akisikia nyuzi za mkonofundi zikijikaza kule chini kwa mlio mwembamba. Tairi likaruka ukingo na kuingia.

Mvuto wa tatu haukutoa sauti ya *tak*, au kama ilikuwepo, ilimezwa. Jeki ilichomoka kama mbegu ya limau iliyobanwa vidoleni, na gari likashuka kwa kishindo kilichotikisa mabati ya jikoni.

Tusekile alikuwa bado amekaa chini, miguu imenyooka, akizitazama kandambili za mumewe. Moja ilikuwa imetoka mguuni. Alitaka kuita lakini aliogopa kwamba hatajibiwa.

Kisha vidole vya ule mguu mtupu vikacheza.

Gari lilikuwa limelalia tairi. Kati ya chuma na kifua cha Ambilikile palibaki upana wa kiganja kimoja. Mpini na soketi vilikuwa vimeng'olewa vidoleni na kishindo na kutupwa mbali, lakini mkono wa kulia ulikuwa bado haujamaliza mvuto wake. Vidole vilibaki vimekunjwa bila kushika kitu, na mkono ukavuta hewa, ukavuta, ukavuta, huku mwenyewe akihema kwa pumzi fupi fupi na kusema, "Baba yangu, baba yangu." Tusekile alimshika kifundo cha mguu na hakumwachia. Kufuli lilipofunguka, akamburuta nje pamoja na jamvi lake.

Walikaa chini wamekumbatiana. Ambilikile alikuwa na mchubuko begani na kiwiko kimevimba, basi. Alivua mkonofundi kama mtu anayejivua nyoka.

"Ule mkono nani ameutengeneza hivi?" aliuliza hatimaye.

Tusekile aliinuka, akachukua simu na kupiga kazini. Aliyekuwa zamu kwenye chumba cha uangalizi alikuwa kijana aitwaye Lugano.

"Dada Tusekile, habari za mapumziko?"

"Lugano, mikono mingapi iko kazini sasa hivi?"

"Leo Jumamosi, watu wako uani kwao. Elfu tatu na mia sita na kitu."

"Izime yote."

"Dada, bila kibali cha bosi siwezi. Na lazima niandike sababu."

"Andika kwamba mpogoaji amekosea. Andika jina langu. Niliyakata mambo yaliyokuwa yakizuia watu wasife, na sikujua. Mume wangu amenusurika sasa hivi."

Lugano alivuta pumzi. "Ngoja," alisema. "Nazima mtaa baada ya mtaa. Ila mkono ambao uko katikati ya hatua utaimaliza kwanza, hilo unalijua."

Alilijua. Alikata simu, akatafuta namba nyingine ambayo hakuwahi kuipiga. Ililia mara nyingi kabla ya kupokelewa, na nyuma ya sauti ya mzee walisikika kuku.

"Shikamoo, Mzee Mwalyego. Naitwa Tusekile, wa ile kampuni iliyokurekodi mikono."

"Marahaba, mwanangu. Mnataka kunirekodi tena?"

"Hapana, mzee. Nataka kukuuliza. Ulikuwa unasukuma tairi chini ya gari kabla ya kuingia."

"Ndiyo."

"Mimi nililikata hilo."

Kuku waliendelea kulia. "Mlikaa na mimi siku tisini," Mwalyego alisema, bila ukali. "Chai mlinipa, na picha mlipiga. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, mzee, hili unalifanya kwa nini. Kuna mtu ameumia?"

"Bado. Sijui." Alifungua orodha yake. "Nilikata miondoko mia mbili na kumi na nne. Ninayo orodha hapa kwenye simu. Nitakusomea, wewe uniambie ipi ni hatari."

"Soma."

Alisoma. Kujikuna sikio. "Hilo ni sikio langu tu." Kupangusa mpini wa jeki kwa kitambaa. "Grisi. Mkono ukiteleza hapo, meno yanakutoka. Endelea." Kuvisha soketi kwa vidole na kuitikisa. "Aa, mwanangu, hapo ndipo unapojua kama saizi ni yake. Hilo nalo ulilikata?" Kurudisha kila soketi mahali pake kwenye kasha. "Ili kabla ya kushusha gari uone tundu tupu, ujue kuna kilichobaki chini." Kila mstari ulimfanya Tusekile asome taratibu zaidi, maana alianza kuuogopa mstari unaofuata.

"Kupiga ubavu wa gari kwa kiganja, mara mbili, kabla ya kushusha jeki," alisoma. "Nilidhani ulikuwa ukilishukuru gari."

"Kumwambia aliye chini atoke," mzee alisema. "Unapiga, unasikiliza. Ukisikia mtu anajibu, hushushi. Gereji ina kelele, huwezi kuita kwa mdomo."

Tusekile aliinua kichwa. Upande wa pili wa ukuta, uani kwa jirani yao Mwasomola, ambaye Tusekile mwenyewe alimshauri akodi mkonofundi mwezi uliopita, palikuwa na mlio mwembamba, *sss*, wa mafuta yanayorudi ndani ya jeki. Mtu alikuwa akishusha gari. Hapakuwa na kofi lolote lililotangulia.

Hakuaga. Aliiacha simu ikianguka, akatoka mbio, geti lao, kisha geti la jirani, ambalo lilikuwa la bati na limefungwa kwa ndani. Akalipiga kwa kiganja mara mbili. Akapiga tena mara mbili, na tena, mpaka mkono ukafa ganzi.

Mlio wa jeki ukakatika.

"Nani huyo?" aliuliza mke wa Mwasomola kutoka ndani, palepale jeki ilipokuwa ikilia, kwa mshangao wa mtu aliyekatizwa kazi.

Kabla Tusekile hajapata pumzi ya kujibu, sauti ya Mwasomola ilisikika nayo. Haikutoka palipokuwa na sauti ya mkewe. Ilitoka chini kabisa, usawa wa ardhi, na ilikuwa nzito kwa kubanwa.

"Mwambie asubiri kidogo," alisema. "Kuna soketi imedondoka huku, naitafuta."